Usiuvute Huo Utepe

Nawaambia wenye paka mapema, kabla sijaingia kwenye kisa chenyewe, maana mtu anaweza kusoma mistari miwili akaitwa jikoni asirudi tena. Ukiona uzi, utepe au kamba inachungulia mdomoni mwa paka wako, au inaning'inia nyuma chini ya mkia, usivute. Hata kama ni kipande kidogo. Hata kama mkono unakuwasha. Mbebe, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Haya, sasa nisikilizeni.

Mimi ni fundi cherehani na nashonea hapa hapa nyumbani, sebuleni. Fundi cherehani na paka kukaa nyumba moja ni sawa na baruti na kiberiti kukaa mfuko mmoja. Kwa hiyo mwaka mzima naishi roho juu. Nyuzi nazifungia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko. Sindano zina mahali pake ukutani, juu, asipofika mtu wala paka. Kila jioni nafagia chini ya cherehani kwa ufagio, halafu napapasa kwa kiganja kama aliyepoteza hereni. Mume wangu hunicheka, husema ipo siku nitafagia mpaka maua ya kwenye zulia. Yeye ni dereva wa lori, na sikukuu ninayoisimulia ilimkuta njiani.

Paka wetu tunamwita Meneja. Ukitandika kitambaa ukate, analala juu yake, na ukimsogeza anakutazama kama wewe ndiye uliyechelewa kazini. Mwenyewe hasa ni binti yangu wa darasa la tatu, tunayemwita Kinanda kwa sababu hanyamazi. Alimwokota mtaroni akiwa mdogo kama soksi iliyolowa, akamlea. Tangu hapo hata chooni haendi bila kumuaga.

Sikukuu ilipokaribia akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi ni mtu wa watu, akiingia yeye hata kuta zinachangamka. Ila ana mkono mwepesi. Mtoto ana jino linalochezacheza? Keshaling'oa. Droo imekwama? Keshaipiga teke. Neno lake ni moja tu: "Lete hapa."

Mimi wageni wakija, moyo wangu unahamia kwa paka. Mlango unaachwa wazi. Mabegi yanakaa chini na dawa za watu ndani. Kila mkono unataka kumtupia kitu. Nikaona nisione haya, nikasema mezani, "Jamani, nawaomba, mifupa ya kuku msimpe Meneja. Ikishapikwa inapasuka, ina ncha kama sindano. Na keki ya chokoleti asionje, ni sumu kwake. Na huo mchuzi una vitunguu, nao haumfai."

Wifi akaweka kijiko chini. "Wifi, huyu ni paka au ni mgonjwa wa sukari?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nikacheka, nitafanyaje. Lakini jicho langu moja lilikuwa chini ya meza.

Jicho hilo hilo halikuona zawadi. Wifi alimletea Kinanda zawadi kadhaa, kila moja imefungwa kwa utepe mwembamba wa kung'aa, ule unaojikunja kama nywele zilizosokotwa. Mtoto akafungua kwa pupa, karatasi huku, tepe kule. Meneja akazirukia. Wifi akashika mmoja akamchezesha nao, juu, chini, juu, chini, tukacheka mpaka machozi. Mimi, ambaye uzi wa pamba ukianguka sakafuni nausikia kama sahani imevunjika, niliona utepe wa zawadi nikaona pambo. Nikaenda kuosha vyombo.

Asubuhi ya sikukuu nilikuwa namalizia upindo wa gauni la mteja, na kitambaa kikalala mezani peke yake. Meneja hakuja. Nikamkuta nyuma ya mlango, ametapika povu la njano.

"Ameshiba sikukuu," wifi akasema. "Sisi wenyewe tumeshiba tunalalamika."

Nikamsogezea kipande cha samaki. Akageuza uso. Paka kumkataa samaki! Akajikunyata chini ya kabati, akawa anameza mate, anatulia, anameza tena, kama mtu aliyekwamwa na kidonge. Nikawa nashona mshono mmoja, nachungulia kabati. Mshono mmoja, kabati. Upindo ukaenda upogo, nikafumua.

Halafu Kinanda akapiga kelele kutoka huko chini sakafuni. "Mama! Mama njoo! Meneja ana mkia mwingine!"

Nikaja mbio. Ulikuwa utepe. Umetokeza chini ya mkia, urefu wa kidole, bado unang'aa.

Wifi akatokea jikoni akifuta mikono. Akainama, akaona, uso ukamchangamka. "Ah! Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu? Lete hapa. Wifi, mshike kifuani asiniparure."

Nikamshika. Sikuwa na wazo jingine. Mimi mwenyewe kwa kazi yangu, uzi ukining'inia naukata au nauvuta, sifikirii. Nikampakata, kiganja kimoja chini ya tumbo. Wifi akaushika utepe kwa vidole viwili, akavuta.

"Unakuja," akasema. "Umeona? Unakuja."

Meneja akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Na kwenye kiganja changu nikasikia kitu kinajikusanya. Tumbo lote lilikuwa linakwenda mahali pamoja, kunjo juu ya kunjo.

Kunjo zile nazijua. Ndivyo tunavyoweka marinda. Unapitisha mshono mlegevu kwenye kitambaa, unafunga fundo upande mmoja, unavuta uzi upande wa pili, na kitambaa kinajikunja na kusongamana. Lakini hakikunjiki mpaka kule mwanzo kuwe kumeshikwa. Kusiposhikwa, uzi unatoka wote mkononi na kitambaa kinabaki kilivyo. Kwa hiyo ule utepe ulikuwa umeshikwa mahali huko ndani.

"Wifi, achia."

"Subiri, unatoka."

"Achia! Nimesema achia!"

Sijawahi kumpandishia sauti wifi yangu tangu niolewe. Utepe bado ulikuwa vidoleni mwake.

"Unanifokea mimi? Kwa sababu ya paka?"

"Umefungwa kwingine huko mbele. Ukivuta unamkunja marinda."

"Marinda! Leo paka amekuwa gauni?"

"Shangazi, mwachie," Kinanda akasema, na machozi yanamtoka. "Shangazi, nakuomba."

Akaachia. Akasimama, akajifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Haya. Mnyweshe basi mafuta ya kula, uteleze wenyewe. Au nalo hilo mafundi hamlikubali?"

Hapo ndipo hofu iliponipanda hasa. Kwani mimi ninajua nini kuhusu matumbo? Ninajua vitambaa. Kama wifi ndiye aliye sahihi, na ule utepe ulikuwa unatoka, na mimi nimeuzuia kwa woga wangu, basi paka wa mwanangu atakufa kwa kelele zangu. Na kama mimi ndiye niliye sahihi, je, yale aliyokwisha kuvuta? Nikaacha mafuta pale pale kabatini. Nikatafuta kadi ya chanjo, nikapiga namba ya daktari wa mifugo.

Ikaita mpaka ikakatika. Sikukuu, nani anapokea simu? Nikapiga tena. Akapokea mtoto.

"Baba anakula," akasema, akataka kukata.

"Mwanangu, mwambie baba paka amemeza utepe. Mwambie sasa hivi, mwanangu, kimbia."

Nikasikia viti vinaburuzwa. Daktari akaja kwenye simu, bado anatafuna. Nikamweleza. Akaacha kutafuna.

"Mmevuta?"

"Kidogo."

Nikasikia funguo zinalia. "Msivute tena. Msimpe mafuta, wala maji, wala chakula. Hicho kipande cha nje msikiguse. Mleteni, nakuja kufungua kliniki."

Nikamlaza Meneja kwenye kapu la nguo chafu, nikamfunika shuka. Kinanda keshasimama mlangoni na kiatu kimoja. Nilijua wifi amenuna, tukatoka. Tulipofika barabarani nikasikia mtu anahema nyuma yetu. Ni yeye, na gauni lake la sikukuu, viatu mkononi.

"Leta upande mmoja wa kapu," akasema bila kunitazama. "Utaliangusha."

Siku ya kazi teksi zinakupigia honi mpaka unakereka. Siku ile barabara ilikuwa nyeupe. Tukaenda kwa miguu, nusu mbio. Kila kona watoto wanawasha fataki, na kila ikilia, kapu linaruka mikononi mwetu. Wifi akawafokea, "Nyie! Kuna mgonjwa hapa!" Watoto wakachungulia kapu, wakaona masikio, wakacheka. Hakucheka yeye. Baadaye kapu likaacha kuruka fataki zikilia, na hapo ndipo nilipoanza kusali. Kinanda alikuwa ametia mkono chini ya shuka. Kila nikimwangalia anasema, "Bado wa moto, mama. Bado wa moto."

Daktari tulimkuta anafungua kufuli, amevaa shati jipya lenye tone la mchuzi kifuani. Alimlaza Meneja kwenye meza ya bati, akamfungua mdomo, akasukuma kwa kidole chini ya kidevu mpaka ulimi ukainuka. Akatuita tuone. Utepe ulikuwa umezunguka shina la ulimi kama kitanzi, umeshaanza kukata nyama, kisha umeshuka kooni.

"Hapa ndipo ulipofungwa," akasema. "Huku mbele umeshikwa na ulimi, utumbo unajaribu kuupeleka nyuma, hauendi. Utumbo unajipanda wenyewe juu ya utepe. Ukivuta, utepe unakata kama msumeno. Nitampasua sasa hivi. Siahidi kitu. Kama utumbo umeshatoboka ndani, uchafu umemwagika, hapo ni kazi nyingine."

"Atapona?" Kinanda akauliza.

"Nitajitahidi, binti yangu."

Mtoto anajua tofauti ya "atapona" na "nitajitahidi". Alikaa kwenye benchi, akanyamaza. Kinanda chetu kikanyamaza. Kati ya yote ya siku ile, hilo ndilo lililonikata maini.

Wifi alikaa upande wangu wa pili, miguu ina vumbi, viatu bado vimo mapajani. Muda ukapita. Akafungua kiganja, akaangalia vidole vyake viwili.

"Wifi," akasema taratibu. "Nilivuta sana?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo wangu ulishafunguka ili kumdanganya. "Sijui, wifi," nikasema.

Akatikisa kichwa. Simu yangu ikalia, mume wangu, sauti juu na muziki nyuma. "Sikukuu njema! Mmepika nini huko?" Wifi akaninyang'anya simu. "Kaka, tutakupigia," akasema, akakata, naye ndipo akalia.

Daktari alipotoka, shati jipya lilikuwa limeharibika kabisa. Utepe alikuwa ameutia kwenye bakuli, na urefu wake ulinishangaza. Utumbo, alisema, ulikuwa umejikunja mwingi sana, na mahali pamoja ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi ya kufungia peremende.

"Haukutoboka. Nimepaimarisha. Lakini mvuto mwingine mmoja tu..." Hakumalizia. "Msishangilie bado. Siku hizi za mwanzo ndizo zenye kuamua. Akitapika tena, au tumbo likivimba, mleteni hata kama nimelala. Na mkae macho apate choo. Mpaka apate choo, mimi mwenyewe sitalala vizuri."

Basi nyumba yetu ikawa nyumba ya kungojea choo cha paka. Wageni waliokuja kutupa mkono wa sikukuu walikuta tumelizunguka beseni la mchanga kama watu wanaoota moto. Gauni la mteja lilibaki na upindo uliofumuliwa, na mwenyewe alipokuja kulichukua akaishia kuchuchumaa na sisi. Wifi alikuwa aondoke, hakuondoka. Alitandika mkeka karibu na kapu, akawa anamlainishia chakula kwa vidole vile vile viwili, kidogo kidogo kama daktari alivyoagiza. Meneja alikuwa analamba na kulala, analamba na kulala. Choo hakuna. Mimi nilikuwa nikimpapasa tumbo mpaka wifi akanipiga mkono. "Mwache! Unadhani ni unga?"

Aliyeona wa kwanza ni yeye. Nilikuwa uani naanika nguo nikasikia vigelegele. Nikaangusha shuka kwenye tope, nikakimbia. Wifi amesimama katikati ya sebule, mikono juu, na Kinanda anamrukia kiunoni, wote wawili wanapiga kelele, na Meneja kwenye beseni anafukia mambo yake kwa aibu, akitutazama kama watu wasio na adabu. Kinanda akanyakua simu, akampigia baba yake kabla sijamzuia.

"Baba! Baba, Meneja amekunya!"

Akaanza kumsimulia tangu mwanzo, bila kituo, bila kupumua, na sikumwambia anyamaze.