Kifo Hakipiti Hewani

Zorobabel alianza na meza moja ya kutengeneza redio, sokoni Butembo. Vita vilipofunga barabara, alinunua mitambo ya phonie, redio za kuitana mji kwa mji, akaifunga kwenye betri za gari, akasimamisha antena juu ya mti wa mkaratusi, akaanzisha kampuni. Wafanyabiashara walifurika. Nani apakie lori kabla ya kuiuliza Beni kama njia ni salama? Kibanda cha Butembo kikazaa cha Beni, cha Beni kikazaa cha Mangina.

Mama yake, Orpa, alisimamia kile cha Butembo. Alikubali sheria zote za mwanawe isipokuwa moja: kifo hakitangazwi hewani. Aliyefiwa hupelekewa mtu.

"Mutu akikufa, sema amekufa," Orpa alimkemea. "Unazungukazunguka nini?"

"Mama, sauti haina mikono. Mutu akianguka, nani atamukamata?"

"Ukuta!"

Hulda, mpiga phonie, alicheka huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Beni nzima ikasikia.

Masika yale wenye bunduki waliingia Mangina, wakadai antena inamwita adui. Zorobabel akawasha pikipiki.

"Wacha baikate," Orpa alisema. "Ni muti tu."

"Mimi ndiye nimeisimamisha, donc mimi ndiye nitabaeleza."

Tangu hapo Mangina ikanyamaza. Hulda aliita mpaka sauti ikamkauka. Kutoka Beni, Bénite, mke wa Zorobabel aliyeendesha kibanda cha huko, naye aliita. Orpa alilala kwenye benchi la wateja na kufokea kila aliyemwambia avumilie.

Jumatatu asubuhi Mchungaji Sikuli wa Mangina alisimama mlangoni, matope mpaka magotini. Njia ya Mangina hadi Beni ilikuwa imefungwa, akakatiza kupitia Kalunguta kwa miguu. Orpa alitazama matope yale, akaelewa.

"Sema, pasta."

"Mama Orpa, kaa kwanza."

"Sema!"

"Bamemuua. Tumemuzika sisi wenyewe, kwa heshima."

Orpa akaanguka. Sikuli akamdaka kwapani, Hulda akamshika kiuno, wakashuka naye mpaka chini taratibu. Alilia kama mtu anayegombana.

Mtambo ukakoroma. "Butembo, Butembo, Beni inaita. Mama, Papa Lévi amefika huko?"

Ndivyo Bénite alivyomwita mumewe, kwa jina la mtoto wao. Hulda akarudi nyuma. Orpa akajikokota hadi mezani, akabonya kitufe. Neno lilikuwa tayari mdomoni, fupi, kama alivyopenda maneno yote. Akawaza: kule Beni, nani yuko karibu naye?

"Bénite, niko nakuja."

"Kufanya nini? Mama, sema hapo hapo!"

Orpa aliachia kitufe. Alikaza kitenge, akafuta uso kwa kiganja.

"Pasta, ita pikipiki. Tunaenda wote wawili. Hulda, usimujibu."

Hulda alikaa mbele ya mtambo, mikono mapajani. Pikipiki ilipoondoka, Bénite alikuwa bado anaita.