Waraka wa Kukaza

Gari namba saba lilikuwa na sauti yake. Ukikanyaga breki, ko. Ukiondoka, ko. Uongozi ulikuwa umeshaitolea sauti hiyo maelezo kwa barua yenye mhuri: ni sauti ya kawaida ya teknolojia mpya, na dereva anayeisikia sana aongeze redio.

Dereva wa namba saba aliongeza redio mpaka abiria wakaziba masikio. Na abiria wenyewe hawakuwa watu wa kupigiwa kelele. Magari yale kumi na mawili ya umeme yaliletwa kubeba wagonjwa wa figo, kuwatoa majumbani na kuwapeleka hospitali kusafishwa damu, kisha kuwarudisha, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mgonjwa wa namna hiyo ukimwangusha siku moja tu, miguu inavimba na pumzi inakata. Kwenye kiti cha nyuma cha namba saba, upande wa dirisha, alikaa mama mzazi wa fundi wa karakana.

Fundi huyo wote walimwita Sikio. Jina alilipata enzi za magari ya dizeli, alipokuwa akiegemeza bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, halafu akataja kilichokufa kabla boneti haijapoa. Yalipokuja ya umeme wakamtania kwamba kazi imeisha, maana sasa atasikiliza nini. Sikio akacheka nao, akaenda nyumbani na kitabu cha mtengenezaji, akakisoma mpaka kikaachia gamba.

Jumatatu mchana dereva wa namba saba, ambaye ndiye aliyemwoa mdogo wake Sikio, aliingia karakana na uso wa mtu aliyesemwa.

"Shemeji, leo mama mkwe kaniuliza kama nimebeba mtu kwenye buti."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni teknolojia. Kasema basi iambie iache kugonga, ifungue mlango iingie."

Sikio akapanda, wakazunguka uani. Akamwambia apite kwenye tuta taratibu. Kimya. Akamwambia ashike breki pale penye lami tambarare. Ko.

"Ingekuwa shokapu, ingelalamika kwenye tuta," alisema. "Hii inalalamika ukisimama. Kuna kitu kizito humu, wewe ukishafika chenyewe bado kinaendelea na safari."

"Kizito kama nini?"

"Kilo mia nne. Umekikalia."

Wakalinyanyua gari kwa lifti. Betri ilikuwa imening'inia chini ya sakafu kwa bolti nane, na kwenye kila bolti kiwandani walichora mstari mwembamba mweupe, kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Bolti ikijizungusha hata unywele mmoja, mstari unakatika vipande viwili visivyotazamana. Mitano kati ya minane ilikuwa imekatika. Kuzunguka matundu chuma kiling'aa kwa kusuguliwa, na vumbi la kutu lilitanda kama unga wa mdalasini. Sikio akasukuma kwa mtaimbo. Betri ikasogea, upana wa ukucha, na kebo nene ya rangi ya chungwa ikasogea nayo.

"Hii kebo ikichomoka, gari linazima hapohapo lilipo, hata kama ni katikati ya barabara," alisema. "Ikichubuka, ni moto."

Karakana ile ilikuwa na kumbukumbu ndefu kuliko viongozi wake. Ilikumbuka jenereta lililozinduliwa mara tatu na kuwaka mara moja. Ilikumbuka pampu za maji zilizopigwa picha zikiwa bado kwenye maboksi, na waliozipiga picha wakapandishwa vyeo. Na ilikumbuka kwamba kitabu kilisema bolti zikazwe upya baada ya kilomita elfu moja za kwanza, na kwamba siku hiyo ilipofika mafundi wote walipangwa getini kupiga makofi, kwa kuwa magari yalikuwa yakizinduliwa kwa mara ya pili.

Meneja akaitwa. Alifika tai akiwa ameitupa begani isipate grisi, akachungulia chini ya gari kama mtu anayechungulia kisima. Sikio akamwonyesha bolti. Meneja akaona mistari.

"Imepinda," alisema.

"Bolti zimelegea, bosi. Mstari ni wa kutuonyesha tu."

"Alhamisi nina wageni. Siwezi kuwaonyesha mistari iliyopinda."

"Kesho magari yote yapo uani. Nipe siku hiyo moja, nitayakaza."

"Usiguse. Magari yana dhamana. Kuanzia leo hakuna kugusa chini ya gari lolote bila ruhusa ya maandishi." Akarudisha tai kifuani. "Hilo la mistari niachie mimi."

Na kweli hakulala nalo. Jumanne asubuhi Sikio alimkuta mpakaji rangi, yule wa mageti, amelala chali chini ya gari la kumi na mbili, anamalizia. Bolti tisini na sita, mistari tisini na sita, ya njano, imenyooka kama ya daftari la shule. Ukutani ilibandikwa fomu: ukaguzi wa betri umefanyika, hali bora. Sikio akapanda namba saba, akalisogeza hatua chache, akashika breki. Ko. Maradhi yalikuwa yaleyale, yamevalishwa tu nguo mpya.

Pembeni ya fomu palikuwa na waraka. Meneja hakupata kukaribisha wageni bila waraka, na waraka wake haukupata kukosa maneno ya kupanda jukwaani. Huu ulisema: "Katika kipindi hiki cha ugeni, kila mfanyakazi, mahali pake pa kazi, akaze, akaze, akaze, bila kusubiri kusukumwa." Sahihi. Mhuri.

Sikio akausoma mara ya kwanza akasonya. Akausoma mara ya pili polepole. Mara ya tatu akaenda kuvaa glavu za mpira.

Akazima namba saba, akachomoa plagi ya usalama, akasubiri dakika kumi kama kitabu kinavyotaka, akapima kwa mita kuhakikisha umeme umeondoka. Akaegemeza betri kwa jeki na ubao. Zile bolti tano zilizolegea akazitoa kabisa, maana zilishavutika, akaweka mpya zilizokuja na magari na ambazo hakuna aliyewahi kufungua boksi lake. Kisha akachukua spana yenye kipimo, akavuta bolti moja baada ya nyingine mpaka spana ikalia tik. Magari mengine bolti zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kulegea, zikataka kukazwa tu. Shemeji akawa anayaingiza magari na kuyatoa. Saa kumi jioni lilikuwa limebaki la mwisho, liko juu ya lifti.

Ndipo Meneja alipoingia na simu mkononi, kutafuta pembe nzuri ya picha. Akatazama juu. Mistari yake ya njano ilikuwa imekatika yote minane.

"Nani kakuruhusu?"

"Wewe, bosi." Sikio akaelekeza spana ukutani.

Meneja akasoma waraka wake mwenyewe kama ameletewa na mtu. "Hapa nilimaanisha juhudi. Watu wajitume."

"Hukuandika wajitume. Umeandika wakaze, tena mara tatu. Mahali pangu pa kazi ni chini ya gari, na huku chini neno hilo lina maana moja."

Dereva akageukia ukuta, mabega yakimcheza.

"Na mengine yote yako hivi?" Meneja aliuliza.

"Yote. Yamekazwa kumi na moja, na hili la kumi na mbili."

"Basi rudisha mistari ilivyokuwa."

"Nipake upya?"

"Rangi imeisha getini. Wewe zungusha tu hizo bolti, mpaka mistari ikutane."

Sikio akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka vyote kumi vikaisha.

"Yaani nilegeze."

"Nyoosha, nimesema."

"Mstari huu haunyooki mpaka bolti ilegee, bosi. Na wewe ndiye uliyesema, bila maandishi hakuna kugusa." Akachana karatasi kwenye daftari la kazi, akaiweka juu ya meza ya spana, na kalamu juu yake. "Andika. Fundi, legeza betri za magari ya wagonjwa. Tarehe, sahihi, mhuri. Nikimaliza naubandika pale, pembeni ya ule wa kukaza, wageni wasome zote mbili."

Meneja akashika kalamu. Akaandika "Fundi," na mkato wake. Akafikiri. Akauliza kama "punguza" haifai.

"Nipunguze nini? Andika neno lenyewe."

Akaandika "le". Kalamu ikagoma hapo. Akasema simu yake inaita, ingawa haikuita, akaikunjakunja karatasi, akaitupa kwenye ndoo ya matambara ya oili na kutoka huku akiongea na simu iliyozimwa.

Jumatano asubuhi Sikio akaletewa barua ya onyo. Kosa: kupindisha mistari ya ukaguzi. Alikuwa ameishika mkononi, kasimama mlangoni mwa karakana, namba saba lilipoingia kuongeza chaji njiani kwenda hospitali, mama yake akiwa dirishani. Gari likashika breki. Sikio akatega.

Hakukuwa na kitu.

"Limezima?" mama aliuliza.

"Hapana, mama," dereva alisema.

"Basi yule wa kwenye buti umemshusha wapi?"

"Yumo. Binti yako fundi kamkaza."

Mama akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Sikio akatia sahihi kwamba barua ameipokea, akaenda nayo kabatini na kuitia kwenye faili, nyuma ya nakala ya waraka. Nyuma zaidi palikuwa na karatasi moja iliyokunjuliwa kwa kiganja, ina doa la oili, na maandishi ya mtu mkubwa yaliyoishia njiani: "Fundi, le".