Panya wa Mgeni Rasmi

Mimi Tobia, bwana afya, ndiye niliyewafundisha watu kuua panya, tena niliwafundisha vizuri kupita kiasi. Mwaka ule tauni ilipoingia milimani niliazima hadubini kutoka kituo cha utafiti cha Amani, nikaifikisha kijijini kwetu, juu ya Rangwi, nikawapanga watu foleni wamwone kiroboto. Wazee walicheka, kina mama wakapiga kelele. Nikawaambia huyu anaishi kwenye mwili wa panya na ndiye anayeleta tauni. Ueni panya kuanzia leo, dawa ya unga ya kuua viroboto inakuja Ijumaa.

Ijumaa ikapita bila dawa, nyingine nayo ikapita. Tukaambiwa gari halina petroli. Watu wangu waliendelea kuua, na habari zikafika juu kwamba hakuna kijiji kilichoielewa sayansi kama chetu. Wakaniandikia kuwa nitapewa tuzo ya kuelimisha umma, na mgeni rasmi atakuja Jumamosi kunikabidhi cheti.

Barua hiyo ilinikuta Ijumaa jioni zahanati, kule chini Rangwi, kando ya kitanda cha dada yangu Secilia. Alikuwa na mtoki kinenani, mkubwa kama yai, na homa inamtikisa mpaka kitanda kinalia. Hakuna aliyeua panya wengi kama yeye. Hapo ndipo akili iliponirudia, mpumbavu mimi. Panya akifa, kiroboto hakai kwenye mzoga. Anaruka kutafuta damu ya moto, na aliye karibu ni mtu. Dawa kwanza, panya baadaye; chuoni tulifundishwa hivyo. Nilijua, nikasahau kwa utamu wa makofi.

Jumamosi kulipopambazuka nilipanda mlima mbio. Nilifika nikakuta watu wamekaa uwanjani na mgeni rasmi yuko mezani. Kumbe petroli ya kumleta yeye ilipatikana.

Sikumpa mtu shikamoo. Nilisimama mbele yao nikihema.

"Ndugu zangu, acheni kuua panya! Nilikosea. Msiwaguse mpaka dawa ije. Secilia anakufa kwa sababu ya maneno yangu."

Mzee Nikodemo, balozi wetu wa nyumba kumi, akanyanyuka polepole.

"Mgosi Tobia, umechelewa. Tumewaua tangu alfajiri, kila nyumba. Tulikubaliana jana kwenye mkutano kwamba bwana afya wetu asiaibike mbele ya mgeni."

"Mmewaweka wapi, mzee?"

"Majumbani. Tumewapanga mlangoni ili mgeni apite awaone."

Nilimwendea mgeni rasmi, nikamshika mkono mbele za watu, nikamsihi atoe gari lake likalete dawa saa ileile. Nililia, wala sikuona haya. Akasema kwa upole kwamba suala la dawa lina utaratibu wake, akanigeuza tupigwe picha, akanitia cheti mkononi.

Watu wakapiga makofi, maana ndivyo walivyojiandaa. Efrazia, mke wa Nikodemo, hakupiga. Alikuwa peku, mjukuu mgongoni, ameinama anajikuna miguu.