Viti vya Kuazima

Usiniambie nitulie. Nimetulia karibu mwaka mzima, na Kalondu amekonda mpaka pete inamvuka kidoleni.

Kalondu ni jirani yangu hapa Kanyangi, ua moja tu katikati yetu. Ni mjane, analima mbaazi na pojo. Ana uvimbe tumboni, na daktari wa hospitali ya mji wa Wote alimwambia utolewe kabla haujamaliza mwili. Bila bima hakuna kutolewa. Na hiyo bima, sisi watu wa shamba tunalipia kulingana na mali, mwaka mzima kwa mara moja. Mali yenyewe inakaguliwa nyumbani kwako.

Sasa sikia ujinga wetu. Kanisani ilitangazwa kwamba mkaguzi atapita Jumanne. Wakamba tukisikia mgeni, tena wa serikali, akili hutuhama. Asubuhi Kalondu akaja kwangu ameshika kiuno.

"Mama Mwau, niazime viti. Huyo mtu atakalia nini, ndoo?"

Nikampa viti vyangu vyote vya sofa, na vitambaa vyake. Nikambebea na meko ya gesi ili chai iive haraka. Yeye akachinja jogoo. Nilijiona jirani mwema kabisa.

Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mpole anaitwa Musyimi. Alikunywa chai, akala paja, akawa anauliza huku anabonyeza simu. Mnapikia nini? Gesi hiyo hapo. Mnakalia nini? Si amekalia. Kalondu angesema ni vya kuazima, lakini nani anamwambia mgeni hivyo na kuku bado yuko mdomoni? Kutoka hapo Musyimi akaja kwangu. Akakuta sebule tupu na mafiga matatu nje. Akanihurumia. Mimi nikanyamaza, nikadhani nimepata bahati.

Simu yake ikapiga hesabu, ikamwekea Kalondu mchango wa bima wa mtu mwenye duka. Mimi nikawekewa wa chini kabisa, nikalipa, na mpaka leo mzee wangu Mbuvi anapata dawa zake za presha. Kalondu hakuweza kulipa. Mara mbili alienda kuomba apasuliwe, mara mbili akarudi na uvimbe wake. Nilitukana serikali, nikatukana hiyo simu, nikamtukana Musyimi na paja alilokula. Nilitukana kila mtu isipokuwa mwenye viti.

Kalondu akaandika barua ya kulalamika. Majibu yalichukua miezi saba: Musyimi atarudi kuangalia tena. Siku hiyo asubuhi nikamwona nani langoni? Kalondu, amepinda kwa maumivu.

"Kiti kimoja tu, Mama Mwau."

Mkono uliniwasha nimzabe kofi. "Wewe, unataka kufa kwa sababu ya adabu?"

"Mgeni ni mgeni," akasema.

Nikabeba kiti, nalaani njia nzima.

Musyimi alikaa, akatazama huku na huku. "Vile viti vingine viko wapi? Na gesi?"

"Vilikuwa vya kuazima," Kalondu akasema.

"Vya nani? Nikijua mwenyewe, natoa hapa naandika kwake. Mchango wako unashuka, wake unapanda."

Kalondu akaniangalia. Najua alikumbuka dawa za Mbuvi, kwa sababu alijibu haraka. "Hapana, nimekosea. Vilikuwa vyangu. Niliuza."

"Basi mchango unabaki pale pale. Kama uliuza, pesa ulipata."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakachemka, na safari hii haikuwa ya Musyimi. Huyu mwanamke anaisha huku ananifichia siri yangu, na mimi nipo hapo nangoja kumimina chai. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona tangu nizaliwe.

"Anadanganya," nikasema. "Viti ni vyangu. Gesi ni yangu. Mimi ndiye Mutanu, boma la pili, yule uliyemhurumia."

Kalondu alianza kusema kitu. Nikamwambia anyamaze.

Musyimi aliacha kubonyeza. "Mama, umenisikia vizuri? Wako utapanda. Ukishindwa kulipa, hata mzee wako atakosa dawa."

"Nimesikia. Na hicho kiti umekalia pia ni changu. Andika."