Swali la Mama Jeancy

Niseme wazi tangu mwanzo: yomba Ntambwe simpendi. Ni mjomba wa rafiki yangu Noëlla, kaka wa mama yake, na ndiye aliyeharibu mambo siku ile. Ukiuliza watu wa Musonoi watakuambia alifanya vizuri sana, kama mkubwa wa familia. Waache waseme.

Noëlla na mimi tulikuwa tunasoma communication pamoja hapa Kolwezi, mwaka wa tatu, chumba kimoja, sufuria moja. Mimi niliingia huko kwa sababu nilikosa nafasi ya sheria. Yeye aliingia kwa moyo wote. Kaka yake Jeancy alikuwa anachimba madini kwa mikono kwenye mashimo ya Musonoi, na jasho lake ndilo lililomsomesha. Mama yao alibaki Lubudi na shamba lake la mihogo. Kila mtu alimwita Mama Jeancy, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Ee, huyo mama na simu yake! Uvumi wowote ukipita Lubudi, lazima amuulize mtoto wake. Eti treni haitasimama tena kwetu? Simu. Eti noti zilizochanika zitakataliwa sokoni? Simu. Eti ile chanjo inazuia wanawake wasizae? Simu, tena tukiwa darasani, profesa anatuangalia kwa jicho baya. Nilikuwa namtania: "Noëlla, wasikilizaji wako wa Lubudi wanaita." Lakini yeye hakufanya mzaha na jambo hilo. Alitafuta, aliuliza wanaojua, kisha akampigia mama: hii ni kweli, hii ni uongo, hii sijajua bado. Na mama alikuwa anawaambia majirani, "Mutoto wangu amesema," na mabishano yanakwisha. Nilimwonea wivu kidogo, maana mama yangu mimi haniulizi hata bei ya chumvi.

Mwezi wa tatu, baada ya mvua kubwa, udongo ulibomoka kwenye shimo moja kule Musonoi na kuwafunika vijana watatu. Wawili walitolewa wazima. Jeancy alitolewa amekufa.

Habari ilipotufikia tulikimbia Musonoi, tukamkuta yomba Ntambwe nyumbani kwake, turubai limeshafungwa uani, viti vimepangwa, wanawake wameanza kulia. Noëlla alianguka chini mlangoni, nikamwinua. Yomba alikuwa anampigia dada yake Lubudi: "Jeancy iko mugonjwa kidogo. Kuya leo, usichelewe." Basi, akakata.

Kwetu ndivyo inavyofanyika. Mama hatangaziwi kifo cha mtoto wake kwa simu, akiwa peke yake njiani. Anaitwa kwa mgonjwa, anafika, anashikwa na wanawake wenzake, ndipo anaambiwa. Hata kwenye redio ndogo ambako Noëlla alikuwa anafanya stage, yaani mafunzo ya kazi, mkubwa wa habari alikubali kutotaja jina la marehemu mpaka mama afike. Kila mtu alifunga mdomo kwa upendo. Sipingi.

Mchana simu ya Noëlla ililia. Tulikuwa nyuma ya nyumba, karibu na masufuria ya kupikia wageni. Alinipa mimi simu, nikabonyeza ili sauti isikike nje.

"Noëlla, niko mu kamio. Tumefika pahali kuko rezo. Sikiliza. Yomba yako amesema Jeancy iko mugonjwa kidogo. Ile maneno minaijua, mi haiko mutoto. Weye haukunidanganya hata siku moja. Niambie: mutoto wangu iko muzima?"

Noëlla alifumbua mdomo. Nilimwona, wallahi nilimwona, alikuwa anataka kusema kweli. Lakini yomba alikuwa amesimama mbele yetu, kidole juu, ananong'ona: "Unataka kumuua mama yako mu barabara?" Noëlla akanigeukia mimi. Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko wote nilikuwa natazama masufuria.

"Iko muzima, mama. Anagonjwa tu kidogo."

Tulisikia mama akishusha pumzi ndefu. "Aksanti, mutoto wangu. Aksanti, Mungu." Halafu akapaza sauti kwa wenzake wa safari: "Iko muzima! Ule wangu wa redio amesema!" Vigelegele vikapigwa ndani ya kamio, lile lori la abiria, na wimbo wa kanisa ukaanza. Mtandao ukakatika katikati ya wimbo.

"Bizuri," alisema yomba. Bizuri! Nilitamani kumpiga kwa mwiko wa kusongea bukari.

Mama Jeancy alifika jioni kwa pikipiki kutoka pale kamio liliposimama, uso mkunjufu, mkononi mfuko wa machungwa aliyomnunulia mgonjwa njiani. Alishuka, akaona turubai, akaona viti, akaona wanawake wanasimama wote kwa pamoja. Hakulia papo hapo. Alimtafuta Noëlla kwa macho mpaka akampata. Kisha wanawake wakamkimbilia, wakamshika kama ilivyopangwa, na kilio alichotoa bado ninacho masikioni. Mfuko wa machungwa ulichukuliwa na mtu, sijui nani.

Tulimzika Jeancy kesho yake. Baada ya kutoka makaburini mama alimwita Noëlla mkekani, na Noëlla akanivuta na mimi kwa mkono, maana aliogopa kwenda peke yake.

"Ntambwe alinidanganya," mama alisema taratibu, sauti imekauka. "Simukasirikii. Ile njo kazi ya bayomba, batu bote banajua. Kama ni yeye tu, ningelia mu kamio, mbele ya bale bamama, na bangenishika. Lakini nilikupigia weye. Juu ya maneno yako nilikula. Nilicheka. Tuliimba, Noëlla. Tuliimba, na mutoto wangu iko mu morgue."

"Mama, unisamehe. Niliogopa utakufa mu njia."

"Nimekusamehe. Mutoto njo weye tu umebakia." Alimfuta Noëlla machozi kwa ncha ya kitenge chake, na mimi nikalia kuliko hata makaburini. Kisha akauliza: "Lakini sasa, siku nataka kujua kitu ya kweli, nitauliza nani?"

Hakusema kwa hasira, na hakusema ili amwumize. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Mama akaendelea kumtazama Noëlla, anangoja amjibu.