Ili Wasifike Ipogolo

Mume wangu alimfunga baba yangu mikono kwa kamba ya kondoo. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda juu ya Ipogolo, na ukoo mzima ulikuwa umesimama makaburini ukitazama. Kondoo mwenyewe alikuwa ameshachinjwa. Baba hakushindana naye. Alimuuliza tu kwa upole kama amelewa, na Lutengano, ambaye tangu arudi vitani hakuwahi kuonja hata ulanzi, akamsukuma mbele kwa goti.

Mpaka leo watu huniambia nisamehe, ni mambo ya zamani, tena ya wakati wa Mwingereza. Nisamehe nini? Wao hawakuwepo.

Lutengano alikuwa mtu wa Mbeya, wa huko Uyole, mtoto wa misheni. Alikuja kwetu na kibarua cha barabara, akanioa, tukapata binti, Juliana. Alikuwa mcheshi, kicheko chake kilisikika hadi mtoni. Mwaka hamsini na tatu wakaja watu wa jeshi, wakaitisha baraza. Wakasema Kenya kuna Mau Mau, wanakula viapo vya damu na kuchinja watu usingizini, na vijana wetu wakienda kuwamaliza kule kule, hawatafika huku. Baba yangu, mzee Joachim, aliuliza kama kuna mtu amewahi kuwaona huku. Akaambiwa akae chini. Haukupita muda Lutengano akajiandikisha Keya, jeshi la wazungu lililochukua vijana wetu. Siku ya kuondoka alinishika bega, akasema anakwenda ili mimi na mtoto tulale salama.

Salama gani, wakati tulikuwa tunalala salama? Mlango wetu ulikuwa wa matete, tunauegemeza tu ili mbuzi wasiingie. Alivyorudi, mwaka wa hamsini na sita, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchonga mlango wa mbao na kuutia komeo. Akafyeka mahindi yaliyokuwa karibu na nyumba, tena yameshabeba, eti mtu anaweza kujificha. Jirani akija kuomba moto ilimbidi ataje jina lake akiwa mbali. Siku moja Juliana alichelewa kuitika, akapigwa hadi akajikojolea. Yule mcheshi wangu alibaki huko huko Kenya. Kilichorudi kilikuwa kinakaa kimeegemeza mgongo ukutani, hakicheki, na mimi nilikuwa nakipikia.

Mwaka ule mvua ilikataa. Desemba iliingia mbegu bado ziko vibuyuni. Sisi Wahehe tunajua la kufanya, hata tukiwa tumebatizwa: ukoo unakwenda kwa wazee waliolala, unachinja kondoo mweusi, mkubwa wa ukoo anapuliza ulanzi juu ya kaburi huku akiwaita marehemu kwa majina, kisha kila mtu analishwa kipande cha ini. Ndiyo mtambiko wetu. Tuliufanya mapema na kimyakimya kwa sababu moja tu, padre asijue. Nami sikumwambia mume wangu, maana watoto wa misheni walikuwa wakitucheka kwa mambo hayo.

Alitufuata. Aliona damu, aliona watu wamezunguka, aliona mzee anawalisha nyama mmoja mmoja, tena kwa siri. Akaona Mau Mau.

Baba alipandishwa bomani Iringa, halafu tukasikia amepelekwa Mbeya. Wazee wengine waliulizwa maswali, wakaachiwa. Yeye alishikiliwa kwa sababu askari aliyepigana Kenya, mkwe wake mwenyewe, aliapa kwamba huyu ndiye mlishaji kiapo. Karani mmoja wa boma aliniambia kwamba hata wakubwa wake wana mashaka. Mume wangu akienda kusema alikosea, mzee atarudi nyumbani.

Basi nilimwomba. Nilipiga magoti mbele ya mtu ambaye nilikuwa siwezi hata kumtazama usoni. Nilimweleza mtambiko mwanzo hadi mwisho, kondoo ni wa nini, ini ni la nini, majina yale ni ya nani. Alisikiliza yote. Akaikalia mikono yake.

"Baba Juliana, unamjua baba," nikamwambia. "Umekula kwake miaka yote. Nenda ukaseme ulikosea."

"Siwezi."

"Unaogopa watakufunga?"

Akaangalia komeo la mlango.

"Kule tuliwakuta watu namna ile ile," akasema. "Mbuzi, damu, mzee mmoja anaita majina. Hatukuuliza kitu, tukawamaliza. Sasa nikisema baba yako alikuwa anaomba mvua tu, wale wazee wa kule walikuwa wanafanya nini, mama Juliana?"

Sikutaka kumtafutia jibu. Mwingine labda angemwonea huruma. Mimi sikumwonea. Niliona kwamba baba yangu ataoza jela ili mtu huyu apate usingizi, na usingizi wenyewe haupati.

Mzee Joachim alifia Mbeya, kifua kilimbana kwenye baridi ya huko, mahindi yetu yaliyochelewa yakiwa bado mabichi. Habari tuliletewa, mwili hatukuletewa. Ukoo haukukutana tena makaburini, na nani angethubutu? Hata msiba wake tuliukalia wachache wachache, kila mmoja akipima maneno. Ndugu zangu waliacha kuja kwangu. Siwalaumu, nyumba ile na mimi nisingeikanyaga kama ningekuwa na pengine pa kwenda na mwanangu.

Mwaka uliofuata alipita Yotamu, mwenzake wa Keya, yuko safarini kwenda kwao Mbeya. Nikawapikia. Wakakaa wakisimuliana juu ya misitu ya kule, mvua ya kule, na nani alipiga nani. Lutengano alichangamka kuliko nilivyomwona siku nyingi. Akasema vita ile watu wanaibeza bure, maana tazama, nchi imetulia, hakuna hata Mau Mau mmoja aliyefika huku.

Nikaweka ugali katikati yao.

"Amefika mmoja," nikasema.

Yotamu aliinamisha kichwa. Lutengano alishtuka, akanyanyuka nusu, akaniuliza yuko wapi. Nikamtazama usoni, nikamsogezea maji ya kunawa.