Mji Uliochukuliwa Hewani

Kila saa kumi na moja jioni Bi Tega alivua kandambili mlangoni mwa studio, akafunga dirisha ili cherehani ya fundi nguo wa chumba cha pili isisikike, akakaa mbele ya kipaza sauti na kikombe chake cha chai. Ukuta ulibandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke. Mtambo, mkubwa kiasi cha debe la mafuta, ulitunzwa na mkwe wake, ambaye aliupiga kofi ukizembea. Redio yao ilisikika kutoka daraja la reli mpaka tanuri la matofali, basi. Ukishavuka daraja, Bi Tega anakatika kama uzi.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega!" vibanda na majiko yakaitika.

Walioshindwa walipiga simu wakatoa mji, kama ilivyo ada, na mji ukaja. Akipewa mji wenye bandari, ua wake ulinuka chumvi na lami kwa muda. Akipewa wa milimani, alijitanda khanga ya pili. Kisha alitaja jibu, na mji ukarudi kwa wenyewe. Hakuwahi kulala na mji wa mtu. "Mji wa kupewa ni sufuria ya jirani," alizoea kusema. "Unairudisha siku hiyohiyo, tena umeisugua."

Halafu redio kubwa ya jijini ikaongezewa nguvu, ikaja kukaa kwenye masafa yaleyale, kama mtu mnene anavyokaa kwenye benchi lenye mtu. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Marehemu alitangazwa kuzikwa saa kumi kwa mabao mawili kwa moja. Mama mmoja alianza kufuata maelekezo ya dawa ya minyoo akajikuta anaambiwa namna ya kubadilisha oili ya lori. Mtoto hakunywa chochote, na akapona.

Jioni moja Bi Tega alitega hivi: "Mgeni wangu hapiti mlangoni, hupita ukutani, na kila mwenye njaa anamjua." Hakuna aliyejua.

"Haya, nipeni mji!" akasema.

Papo hapo ikapanda sauti ya mtangazaji wa jijini, kijana aliyeitwa Pipa kwa jinsi sauti yake ilivyotokea chini. "Nipeni, nipeni! Nani ananipa?" Alikuwa anaomba salamu, akataja na namba ya simu. Muuza mkaa, ambaye kwa kushindwa kila siku alishamaliza miji yote aliyoijua, alipiga namba hiyo.

"Chukua huu huu," alisema. "Huu tuliomo."

"Asante sana, nimeupokea," Pipa akajibu, kama mtu anayeshukuru kwa lolote.

Mji ukaenda. Hakuna sahani iliyotikisika. Waliokuwamo walibaki na kuta zao na vyungu vyao, ila barabara ya kuja hapo sasa iliishia jijini, chini ya mnara wa redio kubwa. Aliyejaribu kutoka kwa kuvuka daraja la reli alijikuta anaingia kwa upande wa tanuri la matofali. Mkwe alijaribu mara kadhaa, akarudi na vumbi jekundu.

Binti ya Bi Tega, mke wa huyo mkwe, alikuwa amekwenda hospitali ya wilaya kupimwa, mimba ikiwa mwezi wa tisa. Alirudi na basi la jioni, akapiga simu.

"Mama, nimefika. Mbona nyumba tupu?"

"Nipo jikoni, mwanangu."

"Jikoni nipo mimi. Nimekalia kile kigoda kilichopasuka."

Bi Tega akatazama chini. Kigoda alikuwa amekikalia yeye.

"Mumeo yupo hapa anatafuta bisibisi," alisema.

"Mwambie iko juu ya kabati."

Ilikuwa juu ya kabati.

Asubuhi Bi Tega alimpigia Pipa.

"Mwanangu, una mji wetu."

"Ninao, bibi. Mzuri kweli! Mkurugenzi wa redio yetu ameshahamia karibu na soko."

"Haya, mmekula, mmeshiba. Sasa taja jibu uturudishie."

"Jibu la nini tena? Kitendawili sikukisikia. Ninyi huku hamsikiki."

"Jibu ni harufu ya chungu. Liseme hewani wewe uliyepokea. Neno dogo tu, baba."

"Bibi yangu, hewani si uani. Kuna tangazo, kuna wimbo, kuna tangazo. Nikipata upenyo nitakuchomekea."

Hakupata upenyo. Bi Tega alilitaja jibu mwenyewe kila jioni, lakini mdomo haukuwa ule uliopokea, na mji haukusogea.

Mkaguzi wa masafa alifika kwa kufuata mshale wa mashine yake, si barabara. Alisimama uani, akazungusha antena.

"Mnalalamika mnaingiliwa. Mnaingiliwa wapi?"

"Hapa mjini," akasema mkwe.

"Mashine inaonyesha mji huu uko jijini, chini ya mnara wao. Na kule wanasikika vizuri, hawaingiliwi na mtu."

"Na sisi tunaoongea nawe?"

"Ninyi ni kelele kidogo," mkaguzi alisema kwa upole. "Mko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa." Akaomba maji, akanywa, akafuata mshale akaondoka.

Simu nazo zikaanza kupokelewa na watu wa huko wasiojulikana. Ikabaki redio. Jikoni kule kulikuwa chini kabisa ya mnara, na kila kinachosemwa karibu na mnara huvujia hewani. Kwa hiyo uchungu ulipoanza, Bi Tega aliusikia studioni, kati ya tangazo la matairi na wimbo.

"Pumua, mama, usisukume bado," alisema kwenye kipaza sauti. "Shika ukingo wa meza."

Mkwe alikimbia nyumbani, akaishika meza ya jikoni kwa mikono miwili. Alisema baadaye kwamba ilikuwa na joto.

Mtoto alizaliwa salama mikononi mwa mke wa mkurugenzi, jirani mpya. Bi Tega alimsikia akilia, akauliza ni wa kike au wa kiume. Jibu lilifunikwa na habari za michezo, na mpaka leo hajui.

Kipindi cha vitendawili bado kipo. Kila siku, akishatega na kutegua, husogea karibu na kipaza sauti na kumwimbia mjukuu wake abembelezeke, na Pipa humjia juu na tangazo la magodoro. Kule jikoni mtoto husikiliza, kisha hunyamaza. Anabembelezwa na bibi au na magodoro, hakuna ajuaye, wala mama yake aliyempakata.

"Amelala," binti husema, na wimbo mwingine unaanza.